Lu ya Samaki

Binti anayegawa kava, kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, hachaguliwi kwa uzuri peke yake. Akikosa mdomo, wanywaji husinzia vifuu mkononi. Telesia mdomo alikuwa nao. Jumamosi ile alasiri alikaa nyuma ya bakuli katika ukumbi wa 'Ohonua, kisiwani 'Eua, mlango mgongoni kwake, akichota na kuwajibu watani wake mmoja mmoja. Ila kwa Lopeti, mpasua mbao kutoka kisiwa cha Vava'u, alijibu huku moyo ukimdunda. Huyu alimpenda kweli, na hakujua kama mwenzake anatania tu kama wanaume wengine.

"Lu ya samaki ni chakula cha wagonjwa," Lopeti alichokoza. "Majani yake ya magimbi na tui lake vinataka nyama ya kopo ndani."

"Msikieni mtu wa Vava'u! Bahari imewazunguka, mnakula makopo."

"Nyie wa 'Eua mmefundishwa kubisha na kasuku wenu."

"Afadhali kasuku, anakula mwenyewe. Wewe nasikia mama bado anakupulizia chakula kipoe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Lopeti akafungua kinywa, kisha akakifunga. Akainamisha kichwa, akautazama mkeka. Kicheko kikakatika, wengine nao wakainama.

Telesia akaacha kuchota. Ndiyo amezidisha! Huenda mama mwenyewe ni marehemu, nani ajuaye? Utani una mpaka wake, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Lopeti, nisamehe, sikukusudia..."

"Karibu, Siaosi," mzee Filimone akasema, macho yakiwa mlangoni.

Telesia akageuka. Alikuwa Siaosi, mwana wa baba yake mkubwa, kwao ni kaka yake kabisa. Na mbele ya kaka, kwa desturi yao, msichana hatongozwi hata kwa mzaha. Siaosi naye alipomwona dada yake nyuma ya bakuli akaona haya, akasingizia kuna mtu anamtafuta, akaondoka upesi.

Telesia akamgeukia Lopeti. "Wewe umeinama kabla ya wote. Umemjuaje kaka yangu? Ametoka Auckland jana, tangu utotoni hajakanyaga hapa. Hata mzee Filimone alikuwa bado anacheka!"

Lopeti akajikuna shingo. "Niliuliza. Kaka zako wote. Nikaonyeshwa hata picha zao."

"Za nini?"

"Anayetania tu hana haja ya kuwajua."

Wanaume wakapiga makofi na mayowe. Telesia akacheka kwa furaha. Akajaza kifuu mpaka ukingoni, akampelekea.

"Na samaki je?" akauliza.

"Samaki ni wa wagonjwa. Hapo sirudi nyuma."

"Basi ugua kesho. Baada ya kanisa, nyumbani kwetu, kuna lu ya samaki. Kaka zangu wote watakuwepo, kwa hiyo usiogope. Sitakutania hata neno moja."