Mashairi ya Benzini

Mlio ulianza nyuma ya mawingu, juu ya ziwa, mwembamba kama nyuki ndani ya chupa. Kasimu akanyamaza katikati ya ubeti. Wanawake waliokaa uani kwa Mama Sharifa, pale Mulongwe, wakatazama juu wasione kitu.

"Ndege ya viti viwili," akasema Kasimu. "Inashuka Usumbura, ng'ambo ya ziwa."

"Na weye shuka," Mama Sharifa akamwambia. "Harusi iko Jumamosi, na minye sijapata mstari wa kumchoma Mama Asha."

Wakacheka. Kasimu hakucheka. Ushairi alijifundisha mwenyewe, na urubani hakuna aliyemtuma. Klabu ya ndege ya Wazungu kule Usumbura ilimfungia mlango. Étienne, Mbelgiji mzee mwenye ndege yake mwenyewe, ndiye aliyemwambia, "Mafunzo nitakupa bure. Benzini utalipa." Tangu siku hiyo kila ubeti aliouuza kwa kikundi cha ngoma cha Mama Sharifa uliishia katika tangi la ndege ile. Kupaa alikwisha kujua. Kutua, bado. Na Étienne alikuwa anarudi kwao kabla ya mvua.

"Ukikosa benzini sasa," alimwambia, "utabaki mtu wa kupanda tu, asiyejua kushuka."

Mama Sharifa alitaka kumsaidia. Kasimu alikataa. "Sipokei sadaka, mama. Nauza."

Jambo ambalo mama huyo hakulijua ni kwamba kila Alhamisi Kasimu alikwenda Kavimvira, kwa Mama Asha, mkuu wa kikundi pinzani walichorushiana nacho nyimbo za kejeli harusini, na kumuuzia majibu. Hakuona aibu. Fundi wa cherehani huwashonea maadui wawili, na nani humlaumu?

Jumamosi, kikundi cha Mulongwe kiliimba kwanza. Kiliimba habari za mwanamke wa Kavimvira aliyealika watu kwenye pilau, akawapa mchuzi mtupu. Watu wakapiga kelele. Hapo hapo Mama Asha akasimama na wenzake, wakajibu kwamba mchuzi ulikuwa mtupu kwa kuwa nyama iliondoka na mgeni mmoja wa Mulongwe, ndani ya kitenge chake. Kelele zikazidi.

Mama Sharifa akainua mkono. Ngoma ikanyamaza.

"Ngojeni. Wimbo wetu ni mpya, umetoka mdomoni sasa hivi. Jibu lake limepikwa lini?"

Mama Asha akamtafuta mtu kwa macho. Kisha wote wawili wakageuka polepole kumtazama Kasimu, aliyesimama karibu na ngoma na shati lake la pasi.

"Na weye anakuuzia?" Mama Sharifa akamwuliza mwenzake.

"Kila Alhamisi."

"Minye kila Jumanne! Rudisha franga zetu, mwizi!"

"Zimeungua angani," Kasimu akajibu, kidevu juu. "Kuna ubeti hata mmoja uliokuwa mbovu?"

Mama Asha akatikisa kichwa. "Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna."

"Basi utatunga wa tatu," akasema Mama Sharifa. "Juu yako mwenyewe. Hapa hapa. Tutauimba pamoja."

"Sijiimbi."

"Usipojiimba, hakuna muntu wa kukununulia tena, Mulongwe wala Kavimvira."

Dhihaka alizoea kuiuza. Kuivaa, hata siku moja. Akilini akaiona ardhi ikipanda kumlaki kabla hajajua kutua, na mikono ya Étienne ikiachia usukani. Akafumba macho, akatoa:

*Kasimu ataka mbawa, hata viatu hanavyo,*
*Kutwa mawinguni huwa, njaa hapa hivyo hivyo,*
*Pande mbili amegawa ulimi, ndivyo na sivyo,*
*Ndege gani itakuwa, imchukue alivyo!*

Vikundi vyote viwili vikaudaka. Shangazi wa bibi harusi akaja akicheza na kumbandika noti kwenye paji la uso, maana wimbo ukikuna, watu hutuza. Akafuata mwingine, na mwingine. Kila Kasimu alipokunja uso, waliimba kwa nguvu zaidi, na watuzaji wakaongezeka. Mama Asha aliokota zilizodondoka. Mama Sharifa alizifunga katika pembe ya kitenge, akamtia Kasimu mkononi.

"Na usiniambie sadaka. Watu wamelipa kuona kiburi chako kikivuliwa shati. Umefanya kazi."

Kasimu akapapasa lile fundo la noti. Benzini ya masomo yote halikuifikia. Kwa kujifunza kutua, lilitosha.

"Hiyo ndege iko na nafasi ya watu wangapi?" akauliza Mama Asha.

"Rubani na mtu mmoja."

"Mtu huyo ni mimi."

"Ni minye!" Mama Sharifa akamsukuma kwa nyonga.

Kasimu, jasho likimtiririka, hatimaye akacheka.

"Mama Sharifa, nisikilize, na Mama Asha awe shahidi. Wallahi, nikipata cheti cha urubani nitakupandisha weye kwanza. Nitakupitisha chini chini juu ya Kavimvira, umtukane mwenzako kwa mdomo wako mwenyewe. Kisha nitatua, nimchukue yeye, aje akujibu."