Bingwa wa Mizunguko

Siku hiyo fundi mafeni ndiye aliyekuwa mjinga. Hata yeye akisimulia huanzia hapo hapo.

Tangu aumie uti wa mgongo, miguu yake ilistaafu mapema. Hospitali ikamwazima mashine ya kuzungusha kwa mikono, yenye kidude cha kuhesabu mizunguko. Daktari wa mazoezi akamwambia mikono ikipata nguvu, atajihamisha mwenyewe kutoka kwenye kiti cha magurudumu hadi kitandani. Hapo fundi akatega sikio, maana kila jioni aliyekuwa akimnyanyua kwa kumshika kwapani, kama gunia, ni mama mkwe wake. Aibu hiyo haina dawa ya kupaka.

Wiki mbili alizungusha kwa moto. Ya tatu akachoka kutazamana na ukuta. Ya nne akavuta waya wa kile kidude mpaka kwenye feni ya kusimama, nyuma ya pazia, akajipumzisha.

Mwisho wa mwezi daktari akasoma namba, akavua miwani, akasoma tena.

“Milioni tisa? Hata wakati wa kula?”

“Nakula kwa zamu, daktari. Mkono huu, halafu huu.”

Keshokutwa yake akaja na wagonjwa wanne wa viti vya magurudumu, ambao mashine zao walizigeuza za kuanikia nguo.

“Wape siri ya kutokata tamaa.”

“Moyo tu,” fundi akasema, akijipiga kifua.

“Tuonyeshe basi, kaka,” akasema mmoja wao, mshona viatu.

Fundi akazungusha mara sita. Ya saba ikamgomea. Mama mkwe, kwa kuwahurumia wageni na joto, akapeleka mkono nyuma ya pazia, akawasha feni. Namba zikaanza kupanda: mia, mia tano, elfu. Fundi mikono kaiweka mapajani.

“Jamani! Huyu anazungusha kwa mawazo!” mshona viatu akapiga kelele.

Daktari akaufuata waya kwa macho, akavuta pazia.

“Sasa kosa liko wapi?” fundi akaja juu. “Feni hii nimeisuka mota kwa mikono yangu, waya kwa waya. Ikizunguka, si nimezungusha mimi?”

Wageni wakagawanyika. Wawili wakaona ana hoja. Mmoja akaulizia feni kama hiyo.

Mama mkwe akaizima.

“Mimi sina ugomvi, mwanangu. Jioni ikupandishe kitandani.”