Pua ya Bwana Dhana na Mita za Sitirika

Katika ramani zote zilizopata kuchorwa nchi ya Sitirika haimo, kwa sababu wenyeji wake waliona haya kupimwa. Si kwamba nchi ilikosa neema. Mito yake iliporomoka kutoka milima ya Auni ikazalisha umeme, na chini ya ardhi yake ilikuwapo gesi ya kuwatosha walio hai na watakaozaliwa. Kila nyumba ilikuwa na waya wake na bomba lake, na penye kila mlango wa mbele palipachikwa kisanduku cha mita chenye macho mawili, jicho moja likihesabu umeme na la pili likihesabu gesi. Mpaka hapo Sitirika ilikuwa nchi kama nchi nyingine, na mimi nisingejisumbua kuisimulia. Sasa tegeni masikio.

Mita hizo hakuna aliyezisoma. Kila moja ilivishwa kitambaa cha hariri kilichotariziwa maua, kikiitwa stara, na kukifunua kulihesabiwa ufedhuli mkubwa kuliko kumchungulia mkwe bafuni. Wahenga wa nchi ile walifundisha kwamba mita ikitazamwa huingiwa na haya, na kiumbe mwenye haya hutimua mbio. Kwa hiyo atakayeitazama ataifanya ikimbie, na gharama itapanda mpaka imshinde. Walilisema jambo hilo kwa unyenyekevu mkubwa, macho chini, na waliowasikia waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyejaribu kuona kama ni kweli.

Yamkini utauliza: ikiwa mita haisomwi, watu walilipishwa kwa hesabu gani? Swali zuri hilo, na laiti lingeulizwa miaka sitini mapema! Serikali ilikuwa na Diwani ya Nishati, ndiyo ofisi ya umeme na gesi, na Diwani ilikuwa na Mkadiri Mkuu, jina lake Bwana Dhana, mtu wa haiba na mwendo wa madaha, kanzu yake imepigwa pasi ikanyooka, na pua yake ikiheshimiwa nchini kote. Kila mwisho wa mwezi Bwana Dhana alipita barabarani akinusa. Elimu yake yote ilisimama juu ya methali moja, kwamba panapofuka moshi hapakosi moto. Harufu ya wali mweupe ilikuwa dinari mbili. Samaki wa kukaanga, dinari sita. Na kitunguu kikipigwa mafuta, dinari kumi papo hapo, maana kitunguu kilihesabiwa dalili ya jeuri. Alipomaliza kunusa aliandika hati ya makadirio na kuibandika mlangoni, kila mpita njia aisome. Jamani, iliyokuwa kweli ilifunikwa kwa hariri, na lililokuwa kisio likatundikwa hadharani!

Basi watu wakaacha viungo. Iliki, karafuu na bizari vikawa vitu vya kusimuliwa, na watoto wakakua wakidhani kwamba chakula hakina ladha nyingine ila chumvi. Lakini katika kitongoji cha Faraghani, walikokaa matajiri nyuma ya kuta ndefu na bustani za mawaridi, harufu ilipotea kabla ya kufika barabarani. Huko aliishi Bwana Israfu, aliyepoza vyumba ishirini hata alipokuwa safarini, na kupasha moto birika la kuogea mabata wake. Bwana huyu alilipa dinari tatu kwa mwezi, na hotubani akatolewa mfano wa mtu mwenye kiasi. Ukiyasikia hayo usipasuke kwa kicheko, basi una moyo mgumu.

Mbali na Faraghani, katika mtaa wa Kubanana, ambako ukipiga chafya jirani wa tatu anakuombea afya, aliishi mjane aitwaye Bi Udadisi pamoja na mama wa marehemu mumewe, Bi Stahamala. Bi Udadisi alikuwa fundi wa kutarizi stara, na hapana kisanduku cha maana mjini ambacho hakikuvaa kazi ya mikono yake. Mkwewe alikuwa na maradhi ya kifua. Kila asubuhi ilibidi achemshiwe sufuria ya maji yenye majani ya mkaratusi, ajifunike shuka, avute mvuke wake; akiukosa, pumzi zilimkwama mpaka adhuhuri, na midomo ikageuka rangi.

Mwezi mmoja hati ikabandikwa mlangoni pao: dinari tisini. Sababu iliyoandikwa ilikuwa hii: "Mapishi ya kigeni, ambayo jina lake halikutambulikana." Asiyelipa kwa siku saba hukatiwa waya na bomba.

"Tisini!" alisema Bi Udadisi. "Mama, ni mvuke wako huo aliounusa Bwana Dhana; sisi tumekula mihogo ya kuchemsha mwezi mzima."

"Lipa, mwanangu," alijibu Bi Stahamala. "Hayo ndiyo tuliyoyakuta."

"Nilipe nini? Mimi napata arobaini. Na bomba likikatwa, kifua chako nitakipa nini? Nikupulizie kwa mdomo?"

"Basi niache nife kwa heshima yangu."

"Toba! Heshima gani ya kukosa pumzi?"

Jirani yao, Bi Kijicho, alikuwa keshaisoma hati. Aliichungulia tena akiwa na ndoo kichwani, akabetua midomo. "Wenzetu mna yenu," alisema. "Dinari tisini za mapishi, na hata kisahani hakivuki ukuta!" Akaenda zake kabla ya kujibiwa.

Bi Udadisi alikaa kizingitini na sindano yake. Mbele yake ilikuwapo mita, imevaa stara aliyoitarizi mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani akajiuliza kitambaa kile kinasitiri nini. Kuuliza si ujinga, lakini kuna nchi ambamo kuuliza ni hatari. Alitazama huku, akatazama kule. Akafunua.

Akaona namba. Ndiyo hayo tu! Safu mbili za namba, nyeusi juu ya nyeupe, zimetulia tuli. Alizikodolea macho mpaka yakamtoka machozi, akingoja zione haya zikimbie, na wala hazikutikisika. Akawasha taa: namba ya mwisho ya umeme ikaanza kujivuta taratibu. Akaizima: ikasimama. Lo, furaha iliyompata mwanamke huyu siwezi kuieleza! Siku nne alishinda akienda jikoni na kurudi mlangoni. Alichemsha maji sufuria ikiwa wazi, akachemsha yaleyale ikiwa na kifuniko, akagundua kwamba kifuniko kinaokoa theluthi ya gesi. Aliloweka maharage tangu alfajiri, akaona yanaiva kwa nusu ya moto. Na kwa kuwa hakuwa na daftari, kila siku aliitarizi namba ya mita juu ya kipande cha hariri kwa uzi mwekundu. Hesabu yake ikamwambia kuwa kwa mwezi nyumba yake hutumia yuniti kumi na moja, na kwa bei iliyowekwa na Diwani yenyewe, hizo ni dinari kumi na moja.

Siku ya tano Bi Kijicho alimwona ameshika pindo la stara. Ukunga alioupiga ulisikika mpaka sokoni. Kufikia mchana Bi Udadisi alikuwa mikononi mwa askari, na shitaka limebadilika: si deni tena, bali kufunua. Adhabu yake ilikuwa kukatiwa waya na bomba maisha.

Kesi ililetwa mbele ya Hakimu Taamuli, mzee mpole ambaye hakupata kuhukumu jambo bila kulifikiri mara tatu, na kwa ajili hiyo hakupandishwa cheo. Baraza lilijaa hadi madirishani. Bi Stahamala aliletwa juu ya kiti, akihema kwa tabu, kwa sababu asubuhi ile hakupata mvuke.

"Bi Udadisi," alisema Hakimu, "unashitakiwa kuivua mita stara yake. Je, ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Nilifunua, nikasoma, na ningekuwa na macho manne ningesoma kwa yote."

Watu wakaguna. Bwana Dhana akainuka, akaifuta pua yake kwa leso ya hariri. "Mheshimiwa Hakimu, mwanamke huyu amekiri. Kwa miaka thelathini nimezikadiria nyumba za nchi hii bila ya kumdhulumu mtu. Panapofuka moshi hapakosi moto. Nani hapa anayeweza kuikanusha methali ya wazee?"

"Siikanushi, Bwana," alijibu Bi Udadisi. "Moshi huniambia kuwa moto upo. Hauniambii moto ni mkubwa kiasi gani. Naomba idhini ya baraza niwashe majiko mawili."

Hakimu alifikiri mara tatu, akatoa idhini. Yakaletwa majiko mawili ya gesi, kila moja na mita yake mpya iliyovishwa stara, yakawekwa nyuma ya pazia. Juu ya jiko la kwanza ikatelekwa sufuria kubwa ya maji matupu, bila kifuniko, moto mkali, nayo ikaachwa ichemke kwa muda wote ambao karani alisoma hati ya mashitaka. Hati ilikuwa na kurasa arobaini. Watu walisinzia, wakaamka, wakamkuta karani bado yumo katika utangulizi. Alipomaliza, Bi Udadisi alikata nusu kitunguu, akakitia katika kijiko cha mafuta juu ya jiko la pili, akakigeuza mara mbili, akazima.

Ee, harufu ile! Ilipita juu ya pazia ikawafikia watu waliokuwa hawajaisikia kwa miaka, na vikongwe wawili wa safu ya nyuma wakaangua kilio waziwazi bila kujua wanalilia nini.

"Bwana Dhana," alisema Hakimu, "tafadhali kadiria."

Bwana Dhana akasimama mbele ya pazia, akafumba macho, akanusa upande wa kwanza. "Hapa hapana kitu. Mwenye jiko hili ni mcha Mungu. Nusu dinari." Akanusa upande wa pili, akarudi nyuma kwa mshituko. "Astaghfirullahi! Hii ni karamu ya harusi. Dinari thelathini, na onyo!"

Pazia likafunguliwa. Ikabaki kazi moja tu, kufunua stara, na hapo baraza zima likaingiwa na bumbuazi. Karani alijifunika uso kwa kurasa zake arobaini. Askari waligeukia ukutani. Basi Hakimu Taamuli akashuka kitini mwenyewe, akafunua ya kwanza, akafunua ya pili, akainama. Akakaa ameinama kitambo kirefu.

"Bi Udadisi," alinong'ona, "huanzia upande gani kusoma?"

"Kushoto, Mheshimiwa. Kama hukumu zako."

Akasoma kwa sauti. Maji ya mcha Mungu yalikuwa yametumia yuniti mbili kamili. Karamu ya harusi haikufika hata sehemu moja ya kumi ya yuniti.

Bwana Dhana akaishika pua yake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. Kisha Bi Udadisi akakunjua kipande chake cha hariri chenye namba nyekundu na kukitandika mezani.

"Unafahamu, binti," aliuliza Hakimu, "kwamba nikihukumu unavyotaka, hapana atakayenunua stara tena, nawe utakosa kazi?"

"Nafahamu, na inaniuma. Nimezitarizi kwa miaka kumi na tano. Lakini tazama kile kiti, Mheshimiwa, umsikilize mama yangu anavyovuta pumzi. Sindano nitaitafutia kazi nyingine. Pumzi zake sina pa kuzitafuta."

Hakimu alifikiri mara moja tu, na hiyo ilikuwa ajabu. Akahukumu kwamba bomba la Bi Udadisi lisikatwe, na deni lake liwe dinari kumi na moja. Na kwamba tangu siku ile stara zote zivuliwe, mita zisomwe, na namba isomwe kwa sauti mlangoni, mwenye nyumba akisikia. Ilipofunuliwa mita ya Bwana Israfu, msomaji aliomba maji ya kunywa kabla ya kuitamka. Bwana Israfu naye alidai asomewe upya mara tatu, na mara zote tatu namba ikawa ileile.

Ama siku ya Kubanana kusomwa, Bi Udadisi aliamka na hofu ambayo hakuitarajia. Barazani alikuwa shujaa. Mlangoni pake alikuwa mjane maskini, na sasa mtaa wote utasikia jinsi anavyopika kidogo. Alikuwa amekwishampa mama mvuke wake, naye mzee alikuwa amelala salama, kifua kimefunguka. Msomaji akafika, akainama penye mita.

"Kumi na moja!"

Bi Udadisi akatazama chini. Msomaji akasogea nyumba ya pili, ya Bi Kijicho, ambaye alisimama mlangoni ameukumbatia upawa mtupu.

"Kumi!"

"Kumi na mbili!" nyumba iliyofuata. "Kumi! Tisa! Kumi na moja!" Sauti ikashuka na mtaa, mlango baada ya mlango, na katika kila mlango alitoka mtu, akasimama, akasikiliza ya mwenzake. Miaka yote kila mmoja alikuwa amesoma hati ya jirani akaamini kwamba upande wa pili wa ukuta watu wanashiba.

Bi Kijicho alivuka njia polepole. Alitaka kusema neno la kuomba radhi. Alichoweza kusema kilikuwa hiki tu:

"Kumbe na nyinyi ni mihogo?"

"Mwezi mzima, dada," alisema Bi Udadisi.

Bi Kijicho akaketi kizingitini kando yake, akaanza kulia, na Bi Udadisi akamsogezea nafasi.