Mnada wa Mwinjilisti

Hasira ya Restuta ilianza mwezi wa pili, mtama ulipoisha ghalani, naye akaitunza vizuri mpaka sikukuu ya mavuno. Kuna watu wakilala wakaamka, hasira imepoa. Yeye kila alipoamka aliikuta mpya.

Mumewe, Yoramu, alikuwa mwinjilisti wa kanisa moja kijijini, barabara ya Mpwapwa. Ndiye aliyezika, ndiye aliyepatanisha waliogombana vilabuni, ndiye aliyekwenda kwa miguu kuwaombea wagonjwa. Mshahara hakuwa nao. Mwezi huo wa njaa Restuta alikwenda kwa mzee Batholomeo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa na mwenye shamba la zabibu kule Makutupora, kuomba debe moja tu la mtama. Batholomeo alimjibu huku anachokonoa meno.

"Mama Mwinjilisti, mtumishi wa Mungu huishi kwa imani."

Na pale pale uani kwake walikuwa wamefungwa mbuzi wawili wa kumpelekea Mchungaji Henry, mmisionari aliyekaa Ipagala, ambaye kanisa la kwao ng'ambo lilimlipia nyumba, gari, na chakula cha mbwa wake.

Restuta akaenda na Ipagala. Henry, mtu mpole, alimkaribisha chai, akamweleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba waliomtuma hawaruhusu kuwasaidia watumishi wenyeji, maana wenyeji wakizoeshwa kupewa hawatajitegemea. Chai ilikuwa na maziwa mengi. Kisha, kwa huruma ya kweli, akapata wazo: alihitaji mlinzi wa geti, na mlinzi hulipwa kila mwezi. Yoramu angeweza kuanza baada ya mavuno.

"Kwa hiyo kuhubiri hakuna malipo, kufungua geti kuna malipo," Restuta alimwambia mumewe. "Na wewe umekubali?"

"Elieth hana viatu vya shule," Yoramu akasema juu ya mtoto wao, akaendelea kutengeneza mpini wa jembe.

Restuta hakutaka mumewe awe bawabu. Lakini tuseme ukweli, zaidi ya hapo alitaka kuwaona watu wa kanisa lile wakitahayari, na Batholomeo kuliko wote.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa mpaka nje. Henry alifika na wageni watatu kutoka kwao. Baada ya ibada, sadaka za mazao zikatolewa uwanjani zipigwe mnada kama kila mwaka: kuku, mayai, maboga, karanga, mtama. Pale hakuna mchezo. Kilichowekwa mezani kimekwisha kuwa cha Mungu, hakirudi kwa aliyekileta mpaka kinunuliwe. Mnadi alikuwa Silvano, dalali wa ng'ombe, ambaye akikuchekesha unatoa hela ya mboga bila kujua. Batholomeo alinunua mbuzi mnono, akamkabidhi Henry, na akina mama wakapiga vigelegele.

Hapo Restuta akasimama, akamshika Yoramu mkono. Yoramu alidhani anaitwa kuombea mazao, akamfuata mpaka kwenye meza.

"Silvano, sadaka yangu hii hapa. Nadi."

Silvano akaangalia chini ya meza akitafuta kuku. "Iko wapi, mama?"

"Si huyu hapa? Mimi nimeshindwa kumlisha, nimemtoa kwa Mungu. Nani anamchukua?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yoramu naye alicheka kidogo, kisha akajaribu kuuvuta mkono wake. Restuta hakuuachia.

"Mnacheka nini? Mkinunua ng'ombe si mnamkagua? Njooni. Mwangalieni meno, yamo yote. Tazameni miguu, haijui baiskeli. Mama Yudith, mumeo alipokufa mvua inanyesha, nani aliingia kaburini kuchota maji kwa ndoo? Mzee Nathanaeli, mwanao alipokushikia panga, nani alisimama katikati? Haya, tajeni bei!"

Kicheko kikakatika. Wageni walikuwa wanapiga picha kwa simu, wakidhani ni mila nzuri ya wenyeji, na mmoja akapiga makofi. Henry ndiye aliyeelewa. Uso ulimwiva, akanyoosha mkono.

"Dada Restuta, mimi nitatoa..."

"Wewe hapana, Mchungaji. Utamzoesha vibaya."

Lo, utamu alioupata hapo! Aliusikia mpaka kwenye magoti.

Mama Yudith alisema kwa sauti ya kilio kwamba atatoa debe kila mwezi. Nathanaeli akapandisha, mawili. Restuta hakuwaangalia hata mara moja. Alimkazia macho Batholomeo.

"Sijamsikia mwenyekiti."

"Mama Mwinjilisti, mambo kama haya tungeyazungumza kikaoni."

"Nilikuja kwako ukanipa imani. Nadi, Silvano!"

Silvano akapaza sauti. "Madebe mawili mara ya kwanza! Mara ya pili!" Watu wote wakamgeukia Batholomeo, na wageni nao wakamgeuzia simu zao.

"Gunia!" akafoka. "Gunia kila mwezi, mpaka mavuno mengine!"

"Mara ya tatu! Amekwenda!"

Vigelegele vikapasua uwanja. Restuta akauachia mkono wa mumewe, na ndipo alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu wainuke kwenye viti.

Gunia lilifika jioni ile ile. Restuta akasonga ugali mkubwa na mlenda, akaita. Yoramu alikuwa chumbani, anakunja shuka na kuliweka kwenye mfuko.

"Baba Elieth, si tumeshinda? Huna haja tena ya kwenda Ipagala."

"Naondoka na basi la asubuhi."

"Lakini watatulisha!"

"Umewaambia watu niliowabatiza waangalie meno yangu," Yoramu akasema taratibu. "Nitasimama vipi tena mbele yao nihubiri? Kule getini hakuna anayenijua."

Restuta alitaka kumwambia kwamba alifanya vile kwa ajili yake. Hakuweza, maana alijua alifanya kwa ajili ya Batholomeo. Usiku ule alilia, lakini kumwomba msamaha hakumwomba, na asubuhi basi likaondoka naye.

Siku chache baadaye Batholomeo alikuja mwenyewe, kofia mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Mwinjilisti. Mama yangu ametutoka. Kaburi limeshachimbwa, watu wamekaa wanasubiri. Niitie mwinjilisti wetu."

Restuta alimpenda yule bibi, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Akayafuta kwa pembe ya kanga.

"Pole sana, mzee. Nenda Ipagala, kwa Mchungaji Henry. Piga hodi tu, mwinjilisti wenu atakufungulia."