Visitación Anarudi Kuimba Bilbao

"Visi, unatetemeka," Eulalia alisema huku akimfunga mdogo wake vifungo vya gauni mgongoni.

"Baridi tu."

"Baridi gani, na jasho linakutiririka hivi?"

Visitación alijifuta shingo. Wawili hao walizaliwa Bermeo, mji wa wavuvi karibu na Bilbao, mama yao akisafisha dagaa kiwandani. Padri alimsikia Visi akiimba kanisani, akamtafutia mwalimu, na sauti ile ikamfikisha Madrid, Milano, hata Buenos Aires. Kisha ukaota uvimbe kooni. Daktari aliukata, akamkataza hata kunong'ona kwa miezi. Leo alikuwa akirudi kwenye opera mbele ya watu wa kwao, na watu wa kwao hawakuwa na huruma. Ukikosea, wale wa roshani ya juu hukupigia miluzi mpaka ushuke jukwaani.

Mlango ukasukumwa bila hodi. Alikuwa Don Leocadio, mkuu wa ukumbi.

"Bibi Visitación, yule binti Nerea, mwimbaji wako wa akiba, ameshavaa. Kama koo linasumbua, sema sasa hivi."

"Mwambie asikae, gauni litajikunja."

Sehemu mbili za kwanza zilipita salama. Katika ya tatu, ulipofika wimbo uliowaleta watu wote pale, sauti yake ilipanda vizuri, ikapanda tena, kisha kileleni ikakatika. Mluzi mmoja ukachoma ukumbi. Ukafuata mwingine.

Visitación aliinua mkono. Okestra ikanyamaza. Alihisi ladha ya damu.

"Nimekosea," aliwaambia. "Naanza upya. Wapiga miluzi mningoje nimalize. Huenda mkapata sababu nzuri zaidi."

Mtu akacheka. Mzee mmoja akafoka kutoka juu, "Evaristo, funga domo! Mwache mtoto wa Bermeo aimbe!"

Akaimba. Safari hii hakuisukuma sauti. Ilitoka nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini pale juu ilishika, ikakaa, ikashuka taratibu kwa hiari yake. Halafu roshani nzima ikaanza kupiga miguu sakafuni kwa shangwe, vumbi likawadondokea matajiri waliokaa chini.

Nyuma ya pazia Eulalia alimkumbatia huku akilia.

"Onyesho la Jumanne litakuwa zuri zaidi, mdogo wangu."

"Hakuna Jumanne, dada." Sauti ilikuwa imekauka kabisa. "Nilijua tangu nilipoinua mkono kwamba koo limekwisha. Nilitaka tu nisitolewe kwa miluzi."

Hakupanda tena jukwaani.