Barafu Begani

Mimi nina mdomo. Miaka ishirini na mbili nimekaa dirishani pa idara ya dharura katika mji wetu mdogo wa jimbo la Saskatchewan, Kanada, nikipokea wagonjwa na kuamua nani aingie kwa daktari kwanza, na kazi hiyo bila mdomo huiwezi. Msimu wa hoki ya barafuni ukianza tu, vijana wanajaa: huyu kidole kimevimba, yule goti limechubuka, na nyuma yao wazazi wamebeba majaketi na sura za msiba. Wengi wao wangepona kwa kulala tu.

Orest Wasylenko aliwazidi wote. Mkewe alifariki mtoto wao Danylo akiwa na miaka sita, akamlea peke yake, na kila mara kijana huyo alipoanguka uwanjani, Orest alimleta kwangu. Oktoba walikuja na kidole gumba. Novemba, ugoko. Wiki moja kabla ya Krismasi wakaja na kifundo cha mkono, siku ambayo nilikuwa na mzee anayeumwa kifua, mtoto anayetapika, na daktari mmoja tu.

"Kunja ngumi," nikamwambia Danylo. Akakunja. "Haya, nipige nayo."

"Sista Lorna, nitakuumiza bure," akasema huku anacheka. Alikuwa na miaka kumi na tano, na jino moja la mbele halipo.

"Basi huumwi." Nikamgeukia baba yake, na sauti sikuipunguza. "Orest, hapa ni dharura. Kitu kama hiki unakiwekea barafu, unampa dawa ya maumivu, analala. Mkija tena na michubuko yenu nitawakalisha kwenye viti vile mpaka huyu aote ndevu."

Chumba kizima kilicheka. Orest masikio yakamwiva. "Samahani," akasema. Aliniomba radhi mimi, akamwomba na yule mzee wa kifua, kisha wakaondoka. Mimi nilijisikia vizuri siku nzima.

Februari, Jumapili asubuhi, Orest akaingia amembeba Danylo mikononi, kijana ambaye tayari alikuwa amempita urefu.

"Samahani, Sista," akasema. "Najua ulitukataza."

Midomo ya Danylo haikuwa na rangi. Nilimgusa tumbo, lilikuwa gumu kama meza. Nikapiga kelele kumwita daktari.

Tulipokuwa tunamkata fulana, Orest alieleza nyuma yangu kwa ile sauti yake ya adabu. Jana yake saa tisa alasiri, Danylo alibamizwa kwenye ukuta wa uwanja na jitu moja la timu ya mji wa jirani. Akainuka, akamaliza mchezo. Jioni akaanza kulalamikia bega la kushoto.

"Nikamwambia twende. Akasema, 'Baba, Sista Lorna atatucheka mbele za watu.' Nikaona kweli. Nikamwekea barafu kama ulivyosema. Nimekuwa naibadilisha kila saa mpaka asubuhi."

Bega halikuwa na kitu. Bandama ilikuwa imepasuka, damu ikavujia tumboni usiku kucha, na damu ikijaa pale maumivu hupanda mpaka begani. Manesi tunafundishwa hilo. Baba wa watu angelijuaje?

Tulimwongezea damu yote tuliyokuwa nayo. Helikopta ya kumpeleka Saskatoon kwa upasuaji ilikuwa bado iko njiani Danylo alipokata roho. Nililia pale pale, glavu mikononi. Sikuwahi kulia kazini kabla ya siku hiyo.

Baadaye nilimkuta Orest ameketi kando ya kitanda, amemshika mwanawe mguu juu ya shuka.

"Tungekuja jana," akauliza, "ungeturudisha?"

Hakuwa ananilaumu. Alitaka kujua kama mtoto wake ameuawa na usiku ule alioupoteza yeye. Na jibu nililijua. Jana jioni ningemgusa tumbo mara moja tu, daktari angeitwa, helikopta ingeitwa, na sasa hivi kijana angekuwa Saskatoon analalamikia chakula cha hospitali. Nimefokea watu wengi, lakini mwenye tumbo lile sijawahi kumrudisha nyumbani.

"Ningewarudisha," nikasema. "Ningemwangalia bega, ningewapa barafu, na ningewafokea."

Akalinyoosha shuka juu ya mguu wa mwanawe.

"Kwa hiyo hata ningemleta."

"Hata ungemleta, Orest."

Akanitazama, na nikaona kitu kinahama kutoka kwake kuja kwangu. Nikatoka kwenda kunawa.

Mji wetu una watu elfu mbili, na kila mtu humsalimu kila mtu, hata waliogombana. Orest hanisalimu. Tukikutana dukani huacha kikapu chake hapo hapo na kutoka nje. Watu wananiuliza kulikoni, nami nawajibu kwamba ana haki. Dada yake aliniambia majuzi kuwa ameanza kula na kupata usingizi. Acha anichukie.