Nambari Mbili Kenya Nzima

Weldon alikuja kutuokoa siku ya Jumatatu, amejibebea taa ya duara kubwa kama usukani wa lori.

Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshamjua. Watu wa Bondeni husahau upesi, lakini mimi kusahau sikujaliwa. Huyu ndiye aliyepita hapa mwaka ule wa kware, akituambia kwamba yai dogo lenye madoadoa linaponya kisukari, presha na umaskini. Kware wakafa, kisukari kikabaki. Baadaye akarudi na majani ya chai ya kupunguza kitambi, akawauzia watu ambao hata kitambi chenyewe hawakuwa wamebahatika kukipata. Halafu akawa mhamasishaji, anatufunulia siri ya matajiri: kuamka saa kumi na moja. Sisi! Saa hiyo Mugure huwa ameshainjika githeri ya mchana. Sasa alikuwa na kadi mpya ya kung'aa, na kadi ilisema yeye ni Mtaalamu wa Mitandao ya Kijamii.

"Alisomea wapi?" nikamuuliza Mugure, mwenyekiti wetu, kwa kuwa ndiye aliyemwita.

"Muturi, usianze."

"Nauliza tu. Daktari husoma miaka sita. Huyu je?"

"Wikendi tatu, Nairobi. Na cheti anacho."

Hapo ndipo damu yangu huchemka. Mwaka wa tisini na saba niligawa karatasi mia mbili hapa sokoni, zote nimeziandika kwa mkono, nikiuliza choo tulichoahidiwa kiko wapi. Ulikuwa ukweli mtupu, na choo mpaka leo hakipo. Nikaitwa mchochezi, nikakaa selo siku nne. Leo mtu anawarushia watu laki mbili jambo asilojua mwanzo wala mwisho wake, na anaitwa mtaalamu. Kazi ni ileile. Tofauti ni taa.

Shida yetu ilikuwa hii. Wakubwa walikuwa wameutaka uwanja wetu wa mafundi wa jua kali, ulio nyuma ya zile nyumba kuukuu za kaunsili, uwe maegesho ya magari. Hapo ndipo Omolo hugonga masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Hapo ndipo mimi huchomelea vitanda, na Mugure hulisha mafundi wote na wateja wao. Hapo ndipo tulipoanza upya baada ya machafuko ya uchaguzi ya Januari ile ya 2008, wakati mimi na Omolo tulitakiwa tuwe maadui, tukakosa nafasi kwa sababu kati yetu wawili nyundo ilikuwa moja. Ukituondoa hapo hatuna pengine.

Ilani ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya soko: mkutano wa umma wa kutoa maoni, Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbini. Mikutano hiyo naijua. Kinachohesabiwa si maneno, ni karatasi ya mahudhurio. Ukitia sahihi, upo. Usipotia, hukuzaliwa, na asiyezaliwa huwa amekubali.

"Twende mapema," nikawaambia wenzangu, "tukae viti vya mbele, tupige kelele hadi wajute kutuita."

Weldon akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama redio ya mbao.

"Mzee wangu, heshima zako. Lakini kelele ya mdomo ilishaexpire. Siku hizi mkubwa haogopi watu. Anaogopa simu yake." Akawageukia wengine. "Alhamisi saa nne kamili, wao wakiwa ndani ya holi, sisi tunapiga hashtegi. Simu mia kwa mpigo. Inatrendi. Simu zao zinaanza kutetemeka mfukoni. Watatokwa na jasho hadi kwa soksi."

"Na kwa holi atakuwa nani?" Omolo akauliza.

"Hakuna haja, brathe. Mkienda holi mko watu mia. Mkikaa hapa mko milioni."

Watu wakapiga makofi. Milioni ni neno ambalo mtu wa jua kali hulipigia makofi kabla hajauliza ni milioni ya nini.

Jumanne akaipeleka kamati Kikopey, kwa kitu alichokiita semina ya mikakati. Mikakati yenyewe ilikuwa mbuzi. Tulikula mbavu huku yeye akituchorea mishale juu ya karatasi ya kufungia nyama, mishale ya kwenda juu, yote ya kwenda juu, mpaka mafuta yakaifuta. Nilimwambia Omolo tumeuziwa kware tena. Omolo akasema pengine, lakini kware huyu ana chumvi nzuri.

Jumatano ikawa siku ya kurekodi. Alianza na Mugure.

"Mathe, hiyo suti ya kanisa toa. Tafuta leso imeraruka."

"Sina iliyoraruka."

"Basi vua viatu, ukae chini hapo kwa vumbi. Ulie kidogo tu."

Mugure huongoza akina mama kanisani kwao mwaka wa kumi na mbili sasa. Akasimama wima na mwiko mkononi. "Kijana, na hii sufuria nimesomesha watoto watatu. Mmoja ni nesi. Akiniona kwa simu nimekaa vumbini bila viatu, ataomba ruhusa kazini aje anizike."

"Ni kontenti tu, mathe."

"Mwambie mama yako akae chini awe kontenti."

Basi akanigeukia mimi. Nilikuwa nimejipanga kumfukuza. Lakini akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mzee, nasikia unakumbuka kila ahadi tangu zamani. Ni ukweli?"

Miaka thelathini hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Kwa kawaida watu wakiniona nimevuta pumzi ya kukumbuka, huondoka. Nikakaa mbele ya ile taa, nikazitaja: choo, mfereji, taa za barabarani, mabati, hati ya uwanja iliyokuwa njiani tangu wajukuu wangu hawajazaliwa. Nilizungumza dakika arobaini. Yeye akazikata zikabaki moja, akanipigia kinanda cha huzuni kwa nyuma.

Kufikia jioni nilikuwa nimetazamwa na watu elfu arobaini. Nisiwe mnafiki. Nilikula ugali kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye simu. Mtu wa Busia aliniita shujaa. Mtu aliye Qatar aliniita baba. Ugali ulipopoa nilikuwa nimeshaona kwamba huyu Weldon, kware kando, ni kijana mwenye akili.

Ndiyo maana Alhamisi saa nne hakuna mtu hata mmoja wa uwanja wetu aliyekuwa ukumbini. Na mimi, mwenye kumbukumbu, nilikuwa nimesahau karatasi ya mahudhurio.

Tulisimama uwanjani simu juu kama watu wanaotafuta netiwaki ya mbinguni. Weldon akahesabu tatu, mbili, moja, tukabonyeza. Wazee walioshindwa kubonyeza walibonyezewa. Mashine zikazimwa, masanduku yakanyamaza. Saa tano kasoro, Weldon akaruka juu ya sanduku la Omolo, sanduku likabonyea, akapaza sauti:

"Tuko nambari mbili! Kenya nzima!"

Uwanja ukalipuka. Nambari moja ulikuwa mzozo wa kama chapati ni ya ndengu au ni ya chai, lakini hilo halikutusumbua. Watu wakakumbatiana. Mimi nilikuwa natafuta maoni yanayonitaja. Katikati ya pongezi na matusi nikakuta mtu ameweka picha. Ilikuwa picha ya ukumbi. Viti vya plastiki safu kwa safu, vitupu. Mbele kabisa kulikuwa na watu wachache wamevaa kofia za kijani, mpya, zote za aina moja. Chini ameandika: "Pole zenu watu wa jua kali, lakini mbona hamko? Wanamaliza."

Nikampa Mugure simu. Aliitazama picha. Alinirudishia, akafunga kifungo cha suti, akaanza kukimbia.

Kutoka uwanjani hadi ukumbini ni mwendo wa dakika kumi. Mama yule alitumia nne, na viatu vya kanisa. Nyuma yake Omolo na nyundo yake, nyuma ya Omolo mafundi wote, na nyuma kabisa Weldon, anatembea haraka kwa sababu kukimbia hutikisa picha.

Tulifika mlangoni afisa anayesimamia mkutano, mwanamke mmoja aitwaye Jepkemei, akiwa tayari ameweka faili kwapani.

"...kwa hivyo inaandikwa hakuna pingamizi," alikuwa anasema. "Ajenda ya saba ni maombi na kufunga. Kuna mtu wa kutuombea?"

Katika nchi hii unaweza kuchukua shamba la mtu bila karatasi, lakini mkutano huwezi kuufunga bila maombi. Hata wezi hufunga macho.

"Mimi," Mugure akasema, akihema.

Jepkemei akamtazama. Aliona suti, akaona kitambaa cha kichwani cha akina mama wa kanisa. Angesema nini? "Haya, mama. Kwa kifupi."

"Tufumbe macho," Mugure akasema. "Wote. Na wewe wa kofia, ivue, unaongea na Mungu."

Kofia za kijani zikavuliwa. Akaanza.

"Baba, tunakushukuru kwa huu mkutano ambao sisi hatukujua kama utaisha kabla hatujaufikia. Wewe hujachelewa, Baba, ni sisi tumechelewa. Tulipotoshwa. Wewe unamjua aliyetupotosha, anaingia sasa hivi na simu."

"Ndiyo, Bwana!" mafundi wakaitikia.

"Mkumbuke Omolo, ambaye masanduku yake yamepeleka watoto shuleni kutoka Molo hadi Gilgil. Hata watoto wa waliokaa mbele hapa, Baba, nguo zao ziko ndani ya sanduku la Omolo. Utamwambia akagongee wapi? Juu ya gari la mtu?"

"Hapana, Bwana!"

Mimi macho yangu yalikuwa yamefungwa nusu. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa mezani karibu na mlango, na kalamu imefungwa kwa uzi. Nikaivuta polepole. Ilikuwa na nafasi ya jina, ya kitambulisho, ya sahihi, na ya mwisho, ya maoni. Majina kumi na tisa. Nikaandika langu, na kwenye maoni nikaandika NAPINGA. Nikampitishia aliye nyuma yangu.

"Na dada yetu Jepkemei, Baba," Mugure akaendelea alipoona karatasi bado iko safu ya pili, "umbariki. Ni mtoto wa watu. Ana mama mahali anayemwombea. Usikubali atumwe kazi ambayo mama yake hawezi kuisimulia kanisani."

Jepkemei akafungua jicho moja. Akaona karatasi inatembea. Akafungua mdomo, Mugure akapandisha sauti.

"Na yeyote anayetaka kukatiza maombi haya, Baba..."

Mdomo ukafungwa, jicho likafuata.

Weldon alikuwa ameinua simu anarekodi. Omolo akamnong'oneza hadi ukumbi mzima ukasikia: "Wewe, funga macho, ni maombi." Weldon akafunga macho. Simu ikabaki wazi.

Mugure aliombea mvua. Aliombea mahindi ya Njoro na ng'ombe wa watu wa Rongai. Aliombea wanajeshi wa Lanet na wake zao. Alimwombea nesi wake. Karatasi ilipojaa watu waligeuza upande wa pili, kisha tukararua kurasa za daftari la mtu. Aliporudi kuombea mvua mara ya pili nikakohoa, kumwambia tumemaliza.

"Ni hayo tu, Baba. Amina."

"Amina!"

Nikampelekea Jepkemei karatasi zake kwa mikono miwili, kwa heshima. Akazisoma.

"Mzee, hamkuwa hapa wakati wa maoni."

"Madam, mkutano ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa unafungwa."

"Kwa maombi?"

"Kwa maombi."

"Na maombi si ni ajenda ya saba? Sisi tumehudhuria ajenda ya saba. Kila mtu ameandika maoni yake akiwa mbele za Mungu. Andika hayo."

Akahesabu majina, midomo ameikaza. Sijui kama ni hasira ama alikuwa anazuia kicheko. Kumi na tisa wa kofia, mia moja na saba wa kupinga. Akakata ile "hakuna pingamizi" kwa mstari mmoja na kutia sahihi pembeni. Uamuzi ukaahirishwa.

Jioni hiyo video ya yale maombi ilinipita mimi mbali sana, ikakaribia watazamaji nusu milioni. Juu yake Weldon alikuwa ameandika kwamba huo ni mkakati alioubuni mwenyewe, na wenye mahitaji kama hayo wapige simu.

Wakubwa wakapiga. Wiki ya tatu ilani mpya ikabandikwa. Niliisoma kwa sauti, watu wamenizunguka. Mkutano wa pili utafanyika Jumanne, kwa njia ya mtandao pekee. Atakayeuendesha ni mshauri mpya wa mawasiliano wa mradi, Bwana Weldon.



"Huo wa mtandao," Mugure akauliza, "unafungwa na maombi?"

"Unafungwa na Weldon. Akibonyeza, wewe umetoka."

"Na Weldon mwenyewe akibonyeza huwa amekaa wapi?"

"Lanet," Omolo akasema. "Zile nyumba mpya. Anafanyia kazi sebuleni kwake. Nilimpelekea kabati la bati."

"Sebule ni kubwa?"

"Watu thelathini wakibanana. Wengine watakaa nje kwa nyasi."

Mugure akafikiri, mwiko umesimama ndani ya githeri. "Basi mkutano uko Lanet. Tutaenda mapema, viti vya mbele. Muturi, viti tutatoa wapi?"

Nikamwambia sioni sababu ya viti. Akishafungua mlango, tutakaa chini, bila viatu, kwa vumbi, jinsi mtaalamu mwenyewe anavyopenda.

"Mimi sikai chini," Mugure akasema. "Nitengenezee benchi."